Gari Lililolala Penye Joto

Lammi,
Jumatano, 10 Machi 1993

Mdogo wangu mpendwa Irmeli,

Nakusalimu sana, ingawa najua utaanza kwa kuuliza kaka yako amepatwa na nini hata aandike barua ilhali simu ipo ukutani. Simu ipo, ndiyo. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini sikuitumia. Kwanza niambie, moyo wako unakwendaje? Vidonge vya asubuhi unavimeza kweli, au bado unavificha kwenye bakuli la sukari na kumwambia daktari umemeza? Mimi ni mzima kiasi cha mzee wa miaka sitini na saba. Theluji imeanza kupungua chini ya dirisha la jikoni, paa linadondosha maji mchana kutwa, na paka amerudi baada ya siku nne akiwa na sikio moja limechanika. Chakula kinapita. Usingizi ndio umenihama, na hilo halitokani na uzee.

Barua yako niliipata juzi, Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unasema tangu Jumatano ya wiki jana gari la Venla halijaonekana. Unasema polisi walifika pale uani kwao, wakatazama, wakakuta hakuna kioo kilichovunjwa wala mlango uliokwaruzwa, wakasema aliyelichukua alikuwa na ufunguo. Funguo ni mbili, mmoja ulikuwa kwenye mkoba wa Venla na mwingine kwenye msumari alikotundika Eino, kwa hiyo wewe umeshatoa hukumu. Umeandika kwamba huyo mchumba wa binti yako alikuwa analisema vibaya gari tangu Krismasi, kwamba lina kitu kinagonga nyuma na afadhali liuzwe. Umeandika kwamba kaka yake anavunja magari mabovu kule Heinola na kuuza vipande. Umeandika, kwa mkono wako, kwamba mwizi hana pembe, na kwamba huyu alikuwa anakula viazi vyako kila Jumapili huku akikupigia hesabu.

Na umeniambia kwamba Venla amevua pete akaiweka kwenye kisahani, kwamba Jumamosi hii Eino anahamisha vitu vyake, na harusi ya kiangazi haipo tena. Mwisho ukaniomba mimi, mkubwa wa familia, nimwandikie mpwa wangu maneno mawili ya hekima, nimwambie aache kulia, afadhali amemjua mtu mapema. Irmeli, maneno hayo siwezi kuyaandika. Tafadhali kaa chini. Kama umesimama mlangoni na koti lako, vua koti, ukae.

Unamkumbuka Baba na lori lake. Jumamosi yoyote ya majira ya baridi, hata kungekuwa na baridi ya kupasua miti, hakuna mtu aliyeingia sauna kujifukiza mvuke kabla lori halijaoga. Sisi tulibeba ndoo za maji ya vuguvugu, wewe ulishika taa, yeye akalala chali uvunguni juu ya gunia na kupiga maji kwenye chuma mpaka tope la chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu na kuishia kula chuma, likadondoka. Akitoka, ndevu zake zilikuwa zimeganda. Alikuwa anasema barabara kuu inalamba gari kama ng'ombe anavyolamba chumvi, asubuhi mpaka jioni, na asiyeosha tumbo la gari anaosha uso wa maiti. Tulicheka. Lakini lori lile liliishi miaka ishirini na miwili.

Basi mimi nimejivunia jambo hilo maisha yangu yote, na wewe unajua jinsi nilivyo na mdomo. Oktoba iliyopita, siku ya uchumba wao, nilipomkabidhi Venla ufunguo mbele ya watu wote, nilisimama na kikombe mkononi nikasema gari hili halijakosa kuoga Jumamosi hata moja. Watu wakapiga makofi. Wewe ulilia, ukasema angekuwapo Baba. Mimi nilitazama mkate wa iliki uliokuwa kwenye sahani yangu, maana macho yangu hayakuwa na pa kwenda.

Nilisema uongo. Gari lile halikuoshwa tumbo kwa majira matatu ya baridi.

Unakumbuka mwaka alipofariki Helvi, mke wangu, nilivyoteleza kwenye ngazi za sauna? Nilikuambia ni mchubuko. Haukuwa mchubuko. Tangu siku ile nyonga yangu haitaki kukunjika, nikishuka chini siwezi kuinuka bila kushika kitu, na baridi ikizidi hata soksi navaa kwa kutumia koleo la jikoni. Usicheke. Kipindi hichohicho wewe ulianza habari zako za ghorofani, kwamba hapo Lahti kuna nyumba nzuri za wazee, kuna lifti, kuna jirani wa kumgongea. Nikakataa. Nawe ukaniambia, na maneno yako nayakumbuka kama yalivyo, kwamba siku nitakayoshindwa kuosha gari mwenyewe ndiyo siku utakayokuja kufungasha vyombo vyangu. Ulisema kwa utani. Mimi sikuuchukulia kuwa utani, maana nakujua.

Kwa hiyo nikawa naosha juu tu. Nilisugua bodi mpaka inang'aa, nikapangusa vioo, halafu nikamwaga ndoo mbili pale mbele ya sauna ili maji yagande na barafu ionekane. Wewe ukija Jumapili unaiona barafu, unatabasamu, unaniambia kaka bado una nguvu. Mara moja uliteleza juu yake ukakaribia kuvunjika mkono, ukacheka, ukasema hii ndiyo barafu ya Baba. Nilijiona mtu mdogo kuliko paka wangu.

Sasa sikiliza upumbavu mwingine, huu niliufanya kwa mapenzi kabisa. Kwa kuwa nilijua siliogeshi, nikaona angalau nilitunze kwa njia nyingine. Kila jioni nililiingiza kwenye banda lililopakana na sauna, lile lenye bomba la joto ukutani. Niliona huruma liachwe kwenye baridi. Nilikuwa nawaambia watu kwa majivuno kwamba gari langu linalala penye joto kuliko mimi. Na kabla ya kumpa Venla nilinunua kopo la lami nyeusi ya kupaka uvunguni, nikafunga brashi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, nikapaka kote nilikoweza kufika nikiwa nimeketi kwenye kigoda. Sikugonga kwa nyundo kwanza. Hata mtoto wa fundi anajua unagonga kwanza, usikie kama chuma bado ni kizima. Nilijiambia ni kutu ya juu juu, lami itaizuia. Kwa kweli sikugonga kwa sababu niliogopa kusikia.

Mwishoni mwa Januari alikuja Kauko kunywa kahawa. Unamkumbuka Kauko fundi, yule mwenye masikio makubwa. Akanisimulia habari ya mtu mmoja wa Hauho ambaye gari lake lilikatika nyuma kwenye kona, pale ekseli inaposhikwa na bodi. Likavuka upande wa pili wa barabara. Yule bwana yuko hai ila hatembei. Kauko akasema alipolitazama lile gari, juu lilikuwa zuri kama la bibi harusi na chini lilikuwa biskuti. Nikamuuliza lilikuwa linalala nje? Akacheka, akaniambia lingelala nje lingekuwa zima. Kwenye baridi kali chumvi imelala, Tarmo, akasema, ukiipeleka penye joto unaiamsha, na ikiamka ina njaa. Kisha akanipiga begani, akasema wewe lakini una raha, wewe unaosha.

Kahawa ilinipalia. Nilikohoa mpaka akanigonga mgongoni.

Tangu siku hiyo, Irmeli, sijalala usiku mzima. Kila asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa dirishani, kana kwamba kutoka Lammi naweza kuiona barabara ya Lahti. Nilihesabu dakika. Sasa anatoka, sasa yuko kwenye mzunguko, sasa yuko pale kwenye mteremko ambapo malori yanampita. Redio ikitangaza ajali nilizima, halafu nikawasha tena kwa sababu kutojua kulikuwa kubaya zaidi. Wewe ulipoandika kwamba Eino analalamika kuna kitu kinagonga nyuma, nilijua ni nini kinagonga. Huyo kijana alisikia sawasawa. Ninyi wote mlimwambia anatafuta kasoro.

Nilikupigia simu. Mara tatu mwezi wa pili, unaweza kukumbuka. Mara ya kwanza tulizungumza juu ya theluji. Mara ya pili juu ya bei ya kuni na vidonge vyako. Mara ya tatu nilisema kabisa, Irmeli, kuna jambo kuhusu lile gari, nawe ukaniambia, ndiyo, Venla analipenda sana, kaka, ulifanya jambo kubwa, kila mtu kazini anamwonea wivu. Nikasema vizuri, nikakata simu. Mdomo huu uliojigamba mbele ya watu arobaini haukuweza kusema neno moja kwa mtu mmoja.

Jumatano ile nilipanda basi la asubuhi kuja Lahti. Nilikuja kumwambia Venla uso kwa uso, naapa kwa kaburi la Helvi. Nilijua wiki ile ana zamu ya usiku, na asubuhi analala. Nilipanda ngazi mpaka mlangoni kwake, nikakaa na kidole kwenye kengele bila kuibonyeza. Kupitia mlango nilisikia redio imewekwa chini kabisa, kama anavyopenda akilala. Nikafikiri, nikimwamsha nitamwambia nini? Kwamba mjomba wako amekukalisha juu ya kifo miezi mitano na kukupigia makofi? Nikashuka ngazi. Gari lilikuwa uani, limejaa chumvi nyeupe mpaka kwenye vishikio vya milango.

Irmeli, funguo zilikuwa tatu. Wa tatu ulikuwa mfukoni mwangu. Nililichukua mimi.

Niliendesha mpaka Lammi kwa mwendo wa baiskeli. Malori yalinipigia honi, basi moja likaniwashia taa mpaka nikaona giza, na kila shimo la barabarani nilisikia lile go! nyuma yangu, na kila go! moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kanyagio la breki. Nililiingiza kwenye zizi la ng'ombe la zamani, nikafunga mlango kwa waya. Mpango wangu, kama unaweza kuitwa mpango, ulikuwa Kauko aliunganishie gari chuma kipya kimyakimya, nami nilirudishe usiku wa Ijumaa. Mngeamka mkalikuta, mkashangaa, mkasema watoto wa mitaani walilichukua kuzungukia mjini. Nikaenda kwa Kauko. Nyumba imefungwa. Amekwenda kaskazini na wajukuu kwa likizo ya kuteleza kwenye theluji, anarudi baada ya siku kumi.

Nilifikiri gari likiibwa hulaumiwa mwizi asiyejulikana, basi, yameisha. Haki ya Mungu, haikunipitia akilini kwamba mtaanza kuhesabu funguo.

Jumamosi asubuhi nilitaka nijue ukweli wa mambo. Nikatandika gunia pale zizini, nikachukua nyundo na tochi, nikajishusha chini kidogo kidogo mpaka nikaingia uvunguni. Niligonga mara moja, karibu na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, upande wa usukani, anaokaa Venla. Nyundo ilizama. Lami yangu ilikuwa imeshikilia hewa. Niliingiza mkono hadi kwenye kifundo, nikatoa vipande vya chuma vyepesi kama maganda ya kitunguu. Nililia, mdogo wangu, sina sababu ya kukuficha tena. Kisha nikataka kutoka, na nyonga ikakataa. Nililala pale tangu kahawa ya asubuhi mpaka baada ya saa saba. Niliita, lakini nani atasikia? Paka alikuja, akanitazama, akaondoka.

Aliyenitoa ni Eino.

Hukujua kwamba alikuja huku. Alikuja kwa basi la saa saba kuniomba niseme na wewe, maana alidhani mimi ndiye mtu pekee unayemsikiliza. Hakunikuta ndani. Alisikia mtu anatukana kwenye zizi la ng'ombe, akasukuma mlango. Akaliona gari. Akaiona miguu yangu imechomoza chini yake. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningekaa kwanza kwenye ndoo nikaisemesha ile miguu. Yeye aliinama. Alinivuta kwa gunia polepole, akanibeba mgongoni mpaka jikoni, akawasha jiko, akanivua viatu, akanisugua miguu mpaka ikaanza kuuma. Akanipa kahawa. Kisha akatoka peke yake kurudi zizini. Aliporudi uso wake ulikuwa mweupe na mikono ina lami. Akaniambia tu, mjomba, Venla alikuwa anaimba humo ndani kila asubuhi.

Nilimwambia yote. Nilimwambia apige simu pale pale, awaambie, ajisafishe. Akakataa. Akasema akisema yeye mtadhani anatafuta mzee wa kumbebesha mzigo wake, na hata mkiamini, Venla atakuwa amempoteza mjomba kwa mdomo wa mchumba wake, na jambo hilo halitawahi kutoka kati yao. Akasema, hili ni lako kusema, mjomba, si langu. Nikamuuliza, na nikichelewa? Akafunga koti lake. Akasema basi la kurudi linaondoka baada ya dakika kumi. Kabla ya kwenda alinijazia kuni kwenye sanduku mpaka juu.

Sasa nakuja mahali panaponichoma kuliko pote. Jumapili niliwapigia simu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisipotee. Wewe ulipokea, na kabla sijafungua mdomo ukaanza kunieleza kwamba huyo mwizi yuko hapo hapo mezani, amekuja kuchukua vitabu vyake, hana haya, amekaa kama shemeji wa mfalme. Ulisema kwa sauti ili asikie. Ukasema ukoo wao wote ni wavunja magari. Na nyuma ya sauti yako nikamsikia yeye, kwa sauti ya kawaida kabisa, akikuuliza kama akuongezee kahawa. Alijua ni mimi kwenye simu, Irmeli. Ulinitaja jina. Angeweza kuchukua hiyo simu akasema neno moja tu. Nami nikashika karatasi yangu mkononi, nikakuuliza kama huko Lahti kunayeyuka.

Ndiyo sababu naandika. Barua haiwezi kugeuza mazungumzo kuwa theluji.

Ninakuomba mambo machache, na sina haki ya kuomba hata moja. Msomee Venla barua hii yote, kwa sauti, Eino akiwa chumbani, wala usiruke sehemu zinazokuhusu wewe. Polisi usiwapigie, nitakwenda mwenyewe na ufunguo wangu wa tatu. Gari lisitengenezwe. Nimeshamwandikia Kauko alivunje. Na zile karatasi za nyumba ya ghorofani, zile ulizoweka droo ya chini ukidhani sikuona, zitoe. Nitazitia sahihi. Kama Venla hataki kunitazama, mwambie mjomba wake ameshalitazamia hilo, lakini pete aiondoe kwenye kisahani kabla ya Jumamosi, maana mtu wa namna hii hapatikani mara mbili.

Wasalimie majirani wa ngazi yenu, hasa yule mama wa supu ya njegere ya Alhamisi. Mpe Venla mapenzi yangu, kama atayapokea. Eino usimpe salamu zangu. Hizo nitamletea mwenyewe keshokutwa, Ijumaa. Na kama ataniruhusu, nitakaa mezani kwako, nisikilize kila neno ulilomwambia yeye ukiniambia mimi.

Ni mimi kaka yako,

Tarmo Ketola